Mzee, Rekebisha Jina Lako Ungali Hai
Kijitabu kwa wastaafu wa JWTZ, wajane na warithi wa Zegereni, Kibaha na Kisarawe

Wazee wengi walioingia jeshini wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani aliuliza jina, kuruta akajibu, karani akaandika alivyosikia. Athumani akawa Othman, Shabani akawa Shaaban, jina la babu likakaa mahali pa jina la baba. Wakati ule jambo hilo halikumsumbua mtu. Leo mjane anafika kwenye dirisha la mafao na cheti cha kifo cha mumewe chenye jina moja, kitambulisho cha NIDA chenye jingine na hati ya utumishi yenye la tatu. Anaambiwa arudi nyumbani, na nauli imekwisha.

Ndiyo maana tunakuomba, mzee wetu, ulishughulikie jambo hili mwenyewe. Hakuna shahidi wa jina lako anayekushinda wewe.

Zitandaze karatasi zote mkekani: hati ya kustaafu, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, kadi ya benki inayopokea pensheni. Mwite mjukuu asome herufi kwa herufi. Angalia namba ya jeshi, majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuandikishwa, cheo cha mwisho na majina ya wategemezi. Tarehe ya kuandikishwa usiipite haraka, maana muda wa utumishi ndio unaotumika kukokotoa kiinua mgongo.

Kosa liko wapi?

Wengi hukimbilia jeshini kumbe jalada la jeshi liko sawa na kosa liko NIDA au kwenye cheti cha RITA. Kosa hurekebishwa lilikoandikwa. Kama majina yote ni yako ila yanatofautiana tahajia, kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba ni ya mtu mmoja. Kama jina umelibadili kabisa, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Jalada la jeshi likiwa ndilo lenye kosa, aliye kazini apitie kwa mkuu wa kikosi chake. Mstaafu aandike barua Makao Makuu ya Jeshi. Kabla ya kusafiri kuipeleka, muone Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Naye ni mwanajeshi, atakuelekeza barua ipelekwe wapi. Kwenye barua andika namba ya jeshi, vikosi ulivyotumikia na miaka yake, kilichoandikwa na kinachotakiwa kuandikwa. Ambatisha kiapo, barua ya ofisi ya mtaa au kijiji, na nakala za ushahidi. Karatasi kuukuu ndiyo yenye nguvu: cheti cha shule, cha ubatizo, barua ya kupandishwa cheo, amri ya uhamisho. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa juzi hakitoshi peke yake, hasa unapotaka kubadili tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa tarehe hiyo hugusa umri wa kustaafu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Ina misamaha kwa mambo ya usalama wa taifa, hivyo tegemea zaidi ushahidi wako.

Kwa aliyeingia jeshini kwa cheti cha mtu mwingine, hilo si kosa la karani. Amuone wakili kabla ya kuapa lolote, kwani kiapo cha uongo ni jinai. Na usimkubali kishoka anayekuahidi "kulimaliza jalada" kwa fedha. Usimwachie hati halisi hata kwa usiku mmoja.

Kwa warithi

Mnapofungua mirathi mahakamani, ombeni majina yote aliyojulikana nayo marehemu yaandikwe kwenye maombi na kwenye uteuzi wa msimamizi. Jambo hili likisahaulika, familia hulazimika kurudi mahakamani upya.

Nawe mzee, barua yako kwa Jeshi ikipokelewa, omba nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Ihifadhi pamoja na namba yako ya jeshi, na mkeo aonyeshwe ilipo.