Giligili au Kiowevu? Tafsiri ya Uigaji wa Mtiririko Katika Turbini

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefasiri matini ya uhandisi wa turbini hukwama mapema: kitu kinachotiririka kiitweje? Wengi hukimbilia kiowevu. Istilahi hiyo yafaa Gitaru, ambako maji ya Mto Tana huzungusha turbini, bali haifai Olkaria, ambako tangu 1981 kazi hiyo hufanywa na mvuke. Giligili hujumuisha vyote viwili, nayo milinganyo ya Navier (1822) na Stokes (1845) hutawala vyote viwili.

Milinganyo hiyo haina suluhisho la jumla linalojulikana. Kwa hivyo mhandisi huigawa nafasi iliyo baina ya mapanga ya turbini katika vijisehemu, pengine mamilioni, kisha tarakilishi ikakadiria kasi na shinikizo katika kila kimoja. Huu ndio uigaji wa kinambari. Igizo na libakie jukwaani. Ugumu ni kwamba gurudumu huzunguka ilhali kasha lake limetulia, hivyo vijisehemu vya gurudumu huhesabiwa kana kwamba vinazunguka nalo, na matokeo hupokezanwa mpakani. Msukosuko nao una vizunguko vingi mno kufuatwa kimoja kimoja. Athari yake hukadiriwa kwa wastani.

Katika turbini ya maji, shinikizo likishuka mno, maji hugeuka viputo vya mvuke. Viputo hivyo vikiporomoka karibu na panga, huchimba chuma. Mfasiri akiandika tu kwamba "maji yanachemka", msomaji atatafuta moto usiokuwapo.