SOMO: TUANDIKE HABARI ZA WAZEE WETU

Wengi wetu huku Kasulu na Kibondo tumejifunza kusoma tukiwa watu wazima. Lakini hata kabla ya kujua herufi hatukuwa wajinga. Elimu yetu ilikaa kichwani na mdomoni. Ilikuwa katika hadithi, vitendawili, methali na nyimbo za Kiha.

Elimu hiyo ilifuatana na kazi. Wakati wa kulima, mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na majembe huanguka pamoja. Wimbo hupunguza uchovu. Tena humsema mvivu bila kumtaja jina! Jioni, wakati wa kupukuchua mahindi, bibi hutega vitendawili na watoto hutegua. Usingizi haupati nafasi.

Majina ya mahali nayo yana habari. Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa nchi za Waha, kila moja na mwami wake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini majina yapo mpaka leo. Mtoto akiuliza yalitoka wapi, nani atamjibu?

HABARI ZA MANAMBA

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza, Waha wengi walisafiri kwenda kukata mkonge huko Tanga na Morogoro. Ofisi moja iliyoitwa SILABU iliwaandikisha na kuwasafirisha. Watu hao waliitwa manamba.

Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi ya kuhesabu siku 30 za kazi. Aliyeandika kadi hiyo si mkata mkonge mwenyewe. Sasa asiyejua kusoma angejuaje kama siku yake imeandikwa sawasawa?

Vitabu vya mashamba vilihesabu tani za mkonge na mishahara. Lakini nani aliugua njiani? Mke aliyebaki nyumbani aliwalisha watoto kwa kitu gani? Waliimba nini kambini usiku? Hayo yamo vinywani mwa wazee. Vivyo hivyo habari za Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishiwa vijijini wakaacha mahame yao na makaburi ya babu zao.

Manamba waliosalia sasa ni wazee sana. Mzee akifa kabla hatujamwuliza, habari zake huzikwa pamoja naye. Basi kalamu zetu zisikae bure.

TUFANYEJE?

1. Omba ruhusa kwanza. Mzee siyo redio ya kufunguliwa tu. Mwamkie, kaa chini, msaidie kazi aliyo nayo mkononi.

2. Juu ya ukurasa andika jina la msimulizi, kijiji na tarehe.

3. Andika kwa Kiha, kama anavyosema. Usimsahihishe. Kiswahili kifuate chini yake.

4. Ukisikia neno la kazi usilolijua, kwa mfano jina la mti wa kuchongea mzinga, uliza maana yake uiandike.

5. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili. Usichague mshindi.

6. Mwisho, msomee mzee yote uliyoandika. Aseme kama ndivyo alivyosimulia. Asilotaka liandikwe, lifute.

Usiandike mengi kwa siku moja. Ukurasa mmoja kila juma unatosha. Baada ya mwaka utakuwa na kurasa zaidi ya 50. Daftari lako liweke mbali na mvua, moshi na panya. Na siku za kulima zikifika, wasomee wenzako shambani wakati wa kupumzika. Hapo watakukosoa na kukuongezea mengine.

MASWALI

1. Nyimbo za kulima zina faida gani?

2. Kipande kilikuwa kitu gani?

3. Kwa nini tunamsomea mzee tuliyoyaandika?

4. Kijijini kwako ni nani anayejua habari za manamba? Utakwenda lini kumwona?