WASIWASI WA KESHO NA DAWA YAKE

Mimi ni mwanachama mwenzako wa Chama cha Kiswahili. Mwaka huu nimeona niandike somo la kumfaa mwanafunzi hata nje ya darasa, nalo ni kuhusu wasiwasi. Sikulichagua kwa kuwa mimi ni bingwa, la hasha! Nimelichagua kwa kuwa wasiwasi umenikosesha usingizi, na najua siko peke yangu.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni watu wa Kiswahili. Neno wasiwasi lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Hofu ni jambo tofauti kidogo. Ukikutana na mbwa mkali njiani unaingiwa na hofu; mbwa akienda zake, nayo inakwisha. Wasiwasi hauhitaji mbwa. Umelala kitandani, mlango umefungwa, na bado unanong'onezwa: "Na ukianguka je? Na karo ikikosekana je?"

Mnong'ono wetu wa kidato cha tatu unajulikana. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.4, nasi tulikuwa miongoni mwao. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza; kuna wenzetu wa Gredi ya 10 wenye mtaala wao. KCSE yetu ni ya 2027. Basi utasikia watu wakisema ati, "Nyinyi mkianguka mtarudia darasa na nani?" Wanasema kwa mzaha, lakini mzaha huo tunarudi nao nyumbani.

Sasa nisikilizeni kisa changu. Naishi Likoni na shule iko kisiwani, kwa hivyo kila siku navuka feri mara mbili. Mamangu hukaanga mahamri alfajiri na kuyauza kwa mbaazi. Muhula wa kwanza mwaka huu nilipewa barua ya salio la karo nimpelekee. Sikumpa. Niliitia ndani ya kitabu cha Jiografia nikakaa nayo siku 11.

Kwa nini? Usiku nilikuwa nikijiambia hivi: mama akiisoma atakosa la kufanya, nitatoka shule, nikitoka shule sitafanya KCSE, nisipofanya KCSE nitakuwa mpiga debe wa matatu, na ndugu zangu wadogo watanicheka. Angalieni basi! Kutoka karatasi moja nimefika kwenye matatu, tena kwa usiku mmoja. Hivyo ndivyo wasiwasi ufanyavyo kazi. Unaunganisha jambo kwa jambo kama mabehewa ya treni, nawe hukagui hata behewa moja. Wiki hiyo nilipata alama 23 katika jaribio la hesabu, mimi ambaye sijawahi kushuka chini ya 50.

Siku ya 12 mama aliiona barua akitafuta kalamu. Nilidhani atapiga kelele. Akaniuliza tu, "Mwanangu, hii ulikuwa unaniwekea ya nini? Deni la karo nalijua. Ukinificha, sasa nina madeni mawili." Kesho yake alienda kuonana na mhasibu wakakubaliana atoe kidogo kidogo. Salio halijaisha hadi leo ninapoandika, lakini mimi nalala.

Tangu hapo nimemwuliza mwalimu wetu wa ushauri, nimesoma na kujaribu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, andika mnong'ono. Kichwani jambo ni kubwa kama nyumba. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yale unayoweza kuyafanyia jambo wiki hii, kulia yale usiyoweza. Kushoto mimi niliandika: kufanya hesabu 5 kila jioni, kumwuliza mwalimu kuhusu logi, kumwambia mama ukweli. Kulia niliandika: ugumu wa mtihani wa 2027, bei ya unga, maneno ya watu. Ya kushoto ni kazi, ifanye. Ya kulia ni kama feri. Huwezi kuiharakisha hata ukipiga mayowe. Unaloweza ni kufika langoni mapema.

Pili, upe wasiwasi saa yake. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake walieleza njia hii. Chagua mahali pamoja na wakati mmoja kila siku, kama nusu saa, uwe ndio wakati wa kuwaza yanayokusumbua. Mnong'ono ukija saa nyingine, uambie ungoje zamu yake, kisha urudi kwenye kazi iliyo mbele yako. Mimi huwaza saa kumi na moja jioni nikingoja feri. Saa hiyo ikifika, mara nyingi nakuta nusu ya mambo nimeyasahau! Ila usichague wakati wa kulala.

Tatu, tuliza mwili. Katika Bayolojia tunasoma kwamba tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, na karatasi ya mtihani haikimbiwi wala haipigwi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, halafu itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika 3 hivi. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua. Unaweza kufanya hivyo ukiwa umekaa kwenye dawati na jirani yako asijue.

Nne, sema. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mzazi, mwalimu au rafiki. Kama huna wa kumwambia, simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo humu nchini.

Hapa nitoe onyo. Kuna wasiwasi wa kila siku na kuna ugonjwa. Ukiona wiki zinapita usingizi hauji, chakula hakipiti, ama unapata mawazo ya kujidhuru, usipambane nayo kwa daftari. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo akupeleke kwa daktari. Si aibu; hata malaria hatuitibu kwa kunyamaza.

Rafiki yangu mmoja alipinga. Alisema, "Lakini wasiwasi ndio unaonisukuma nisome. Ukiniisha nitalegea." Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Nadhani amesema kweli nusu. Wasiwasi kidogo unaokufanya ufungue kitabu ni mzuri. Ule unaokufanya ukishike kitabu saa nzima bila kufungua ukurasa wa pili haukusaidii. Kwa hivyo jiulize kila jioni: nimesoma, au nimeangalia kitabu tu?

Wenzangu wa kidato cha tatu, ni kweli sisi ni wa mwisho, na mtihani si mchezo. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na hilo koleo lenyewe bado halijavunjika! Tuna kila jioni kati ya leo na 2027. Bandu bandu huisha gogo.

ZOEZI
1. Eleza tofauti kati ya hofu na wasiwasi. Toa mfano mmoja wa kila jambo.
2. Chora mstari katikati ya ukurasa. Andika mambo matatu kila upande, kisha ufanye moja la kushoto kabla ya Ijumaa.
3. Je, kuna barua uliyoificha ndani ya kitabu? Swali hili usimjibu mwalimu. Mjibu mwenye barua.

Alamsiki.