Mti, Vazi Jekundu na Hirizi

JUMATATU

Soma Yeremia 10:1–5. Je, watu wa Mungu wanaonywa juu ya jambo gani hasa?

Desemba inapokaribia, fungu hili husomwa mara nyingi dhidi ya mti wa Krismasi. Mti unakatwa msituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari usitikisike. Utadhani nabii aliuona sebuleni kwa jirani. Lakini soma tena taratibu. Mti ule unachongwa na fundi, unakuwa mungu asiyesema wala kutembea, mpaka abebwe. Na watu waliuogopa. Ndiyo maana Bwana anawaambia Israeli wasiuogope, kwa kuwa hauwezi kudhuru wala kutenda mema.

Wengine wamesikia kwamba Baba Krismasi alitokana na waganga wa Siberia. Ni kweli kwamba baadhi ya waganga wa huko walitumia uyoga mwekundu wenye madoa meupe ili wapate maono, na wapo waandishi wanaodai kuwa rangi za vazi lake zimetoka hapo. Ushahidi wake ni mdogo sana. Habari zake zinaanzia kwa Nikolao, askofu wa Myra, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Na sura tunayoijua ilikuzwa zaidi Marekani, katika michoro ya Thomas Nast kuanzia mwaka 1863. Tarehe ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Biblia haitaji siku aliyozaliwa Yesu, na kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaitaja tarehe 25 Desemba kwa kuzaliwa kwa Jua Lisiloshindwa na kwa kuzaliwa kwa Kristo pia.

Hata hivyo, kufanana peke yake hakuthibitishi asili. Kigwa, mashariki ya Tabora, palikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alimweleza kirangozi aliyewatangulia wapagazi: kitambaa chekundu mwilini, ngozi ya mbega nyeusi kwa nyeupe, manyoya ya ndege kichwani. Vazi jekundu, manyoya meupe, mizigo, safari ndefu! Kwa hoja ya namna ile, Baba Krismasi angekuwa Mnyamwezi.

Lakini kirangozi alichukua kitu kingine: dawa za kinga. Njia ilikuwa na wanyang'anyi, kiu na maradhi, na mganga aliulizwa kabla ya safari. Hapo Yeremia anagusa penyewe, kwa sababu hofu ile haikwisha misafara ilipokwisha.

Fikiria dada mmoja anayekataa kula kwa mama yake siku ya Krismasi kwa sababu ya tawi la mkrismasi lililofungwa mlangoni. Wajukuu hawaendi, bibi anakula peke yake. Wiki hiyohiyo mtoto anapata homa usiku, na dada yuleyule anamfunga hirizi kiunoni, "kwa tahadhari tu." Lile tawi hakuna aliyeliogopa wala kulitumainia. Hirizi je?

Soma Matendo 19:18–20. Waliokuja kuungama Efeso walikuwa wamekwisha kuamini. Vitabu vya uganga vilikuwa bado nyumbani mwao, na thamani yake ilifika vipande 50,000 vya fedha. Havikuwa vitu vya kutupa kirahisi.

Mwaka 1879 Ellen G. White aliandika kwamba si dhambi kuweka mti wa kijani kanisani, akashauri uzae sadaka kwa ajili ya kazi ya Mungu. Alichokemea ni fedha na mioyo kupotea katika anasa. Asiyetaka kuuweka naye ana Warumi 14:5, 6, na asihukumiwe.

Mtoto anapougua usiku na zahanati iko mbali, ni nani anayeitwa kwanza nyumbani mwako? Kama kuna kitu ulichokificha "kwa tahadhari," ni nani katika kikundi chako unayeweza kumwomba afuatane nawe siku ya kukiondoa?