Supanova, Mashi na Swali la Ukoo

Kwetu tunaoainisha lugha za Kibantu, kazi ya wanaoainisha nyota zinazolipuka ina somo.

Supanova mpya ikionekana, mwanga wake hutawanywa kuwa spektra, yaani ukanda wa rangi ambamo kila elementi huacha mistari yake. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski alizigawa supanova mafungu mawili: zisizo na mistari ya haidrojeni ni aina ya I, zilizo nayo ni aina ya II. SN 1987A, iliyogunduliwa Februari 1987, ilionyesha haidrojeni, ikawekwa aina ya II.

Tatizo ni kwamba aina ya I ilitambulishwa kwa kukosa kitu. Miaka ya 1980 ikagawanywa: Ia ina mstari wa silikoni karibu na nanomita 615, Ib ina heliamu, Ic haina dalili wazi ya vyote viwili. Ia hutokana na kulipuka kwa kibete cheupe. Ib na Ic, sawa na II, hutokana na kuporomoka kwa kiini cha nyota kubwa. Waliopangwa pamoja hawakuwa ndugu.

Hapa Ibanda mfano wetu ni Mashi. Guthrie aliipa msimbo D53. Baadaye wanaisimu wa Tervuren waliihamishia kanda J, pamoja na lugha za Maziwa Makuu.

Kwa hiyo naona tusikariri misimbo tu. Tuulize kila msimbo umejengwa juu ya kigezo gani. Kukosa sifa kwa pamoja hakuthibitishi undugu. Kubadilika kwa pamoja ndiko kunakoudokeza.