Ushauri wa bure msibani

*Mimi ni wakili, niko Morogoro. Hata msibani ndugu na jamaa hunivuta pembeni: "Hebu nitazamie huu mkataba wa kiwanja." Nikitaja ada, naambiwa naringa. Nifanyeje? – Mchovu*

Pole, ndugu wakili. Mara nyingi si dharau. Wanasikia maneno tu, kazi hawaioni. Hatari iko kwako: umejibu kwa picha ya mkataba kwenye simu, hati yenyewe hujaishika, kiwanja kikigombewa utatajwa wewe. Sema, "Njoo ofisini Jumatatu na hati," kisha nyamaza. Wengi hawatakuja. Ada ya ndugu ipange mapema, si mbele ya sinia la pilau. Asiye na uwezo kweli mwelekeze kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ukianza kulaumiwa kwa ushauri uliokwisha kuutoa, muone wakili mwenzako kabla hujajibu lolote.