Jengo zuri humpa mtu nia ya kuishi

JE, umewahi kuingia katika jengo fulani ukajikuta umenyamaza bila kuambiwa, mabega yakashuka na pumzi ikatulia? Basi, msomaji, tayari unalijua jambo nitakalolieleza leo. Mahali tunapokaa, tunapofanyia kazi na tunapolazwa hugusa miili yetu, na pia hugusa nia yetu ya kuishi.

Hapa Lugulu, na kote kuanzia Bungoma hadi Kitale, watu wengi humjia daktari wakilalamikia kichwa, uchovu na kukosa usingizi. Wakipimwa damu, haionekani kasoro. Wakiulizwa wanaishi vipi, baadhi yao husema wanalala katika chumba chenye dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Halafu husema neno zito zaidi: "Daktari, sioni sababu ya kuamka."

Mwili unahitaji nuru

Ndani ya ubongo mna saa inayoongoza usingizi na kuamka. Saa hiyo hurekebishwa na nuru inayoingia machoni, hasa ya asubuhi. Mtu anayeshinda gizani husumbuliwa na usingizi, na moyo wake huwa mzito. Isitoshe, vijidudu vya kifua kikuu huelea katika hewa iliyotuama. Upepo huvifukuza na mwanga wa jua huviua.

Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich alichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao waliona miti dirishani, na nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti walienda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa hao ni wachache, kwa hivyo tusiupe utafiti huo mzigo usioweza kuubeba. Hata hivyo, unatufundisha kuuliza: mgonjwa wangu anatazama nini?

Somo la Butaro

Jibu zuri limo Rwanda. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa juu ya kilima kwa mawe ya volkano ya eneo hilo. Vitanda vimewekwa katikati ya wodi, vichwa vikielekea ukuta mfupi, ili kila mgonjwa atazame dirisha na milima. Madirisha makubwa na mapangaboi husukuma hewa chafu nje ili magonjwa ya kifua yasienee.

Lakini faida haikuishia kwa wagonjwa. Wanakijiji walifundishwa kuchonga na kupanga mawe hayo, na ujuzi huo ukawapa kazi kwingine. Mtu aliyekuwa akingoja kibarua akawa fundi anayeweza kumwonyesha mwanawe ukuta na kusema, "Huu niliujenga mimi." Hapo ndipo uzuri hugeuka kuwa nia ya kuishi. Jengo zuri hukuambia kwamba mtu fulani aliwafikiria wengine ambao hangewajua kamwe. Halafu hukuuliza: nawe utawaachia nini?

Uzuri si gharama

Usidhani kwamba nazungumzia marumaru. Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikuja na desturi ya kuabudu katika nyumba zisizo na mapambo, na uzuri wake ni utulivu. Kule Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba nyingi zina baraza mbele ya mlango. Mzee anayeketi pale husalimia wapitao na kuulizwa habari. Kwa hivyo ana sababu ya kuoga na kuvaa kila asubuhi. Sisi huku, mkeka au benchi chini ya mwembe hufanya kazi hiyo hiyo.

Ufanye nini?

1. Ukijenga, weka madirisha yanayokabiliana ili upepo upite. Ukipanga chumba, fungua dirisha lililopo kila siku.

2. Geuza kitanda cha mgonjwa au mzee kielekee mwangaza, mti au njia wanayopita watu.

3. Moshi wa jikoni upate pa kutokea. Ikiwezekana, jiko liwe nje ya nyumba ya kulala.

4. Weka benchi mbele ya mlango na upande mti wa kivuli.

5. Mara moja kwa mwezi, wapeleke watoto waone jengo la kupendeza. Waliopo karibu na Kitale wanaweza kwenda makumbusho yake, yenye nyumba za jadi za jamii zetu. Waulize: nani alijenga hivi, na kwa nini?

Onyo ni hili: jengo si badala ya matibabu. Ikiwa huzuni imekukaa zaidi ya majuma mawili, hupati usingizi, chakula hakikupendezi, au unafikiria kujidhuru, usingoje. Mwambie mtu wa nyumbani na uende hospitali iliyo karibu leo hii.

Na kesho alfajiri, kabla ya jambo lolote, fungua dirisha.